Tahadhari ya kiwango cha maji ya rejeta: maana yake na jinsi inavyoundwa

Tahadhari ya kiwango cha maji ni taa au king'ora kidogo kinachomwarifu dereva kwamba maji ya rejeta, au kulanti kwa wanaoitumia, yamepungua kupita mpaka uliowekwa. Magari mengi ya zamani yanayopanda kutoka Moshi kwenda Arusha hayana kifaa hicho. Yana geji ya joto tu, na wenye magari wengi huamini kwamba hiyo inatosha. Haitoshi, kwa sababu joto na kiwango ni mambo mawili tofauti.

Sensa ya geji huzama ndani ya maji ya injini na kupima joto la kile kinachoigusa. Maji yakivuja hadi sensa ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kutulia katikati, au hata kushuka, ilhali silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, inazidi kuungua. Niliwahi kumkuta mwenye gari amesimama kando ya barabara karibu na Tengeru, injini ikiwa imeshaanza kugonga, na mshale, kwa maelezo yake, haukuwa umesogea tangu Boma Ng'ombe. Hozi ya chini ilikuwa na ufa usiozidi urefu wa ukucha. Chupa ya akiba ilijaa hadi kwenye mstari, lakini rejeta ilipopoa na kufunguliwa, haikuwa na maji hata ya kujaza kikombe.

Chupa hiyo ndiyo inayowapotosha wengi. Injini ikipata moto, maji hutanuka, husukuma vali ya mfuniko wa rejeta na kuingia kwenye chupa. Injini ikipoa, rejeta huyavuta yarudi. Pakiwa na ufa, rejeta huvuta hewa kupitia ufa huo, na maji ya chupa hubaki yalipo. Kwa hiyo, gari lenye chupa ya namna hiyo hufungwa sensa kwenye tanki la juu la rejeta yenyewe, si kwenye chupa. Ufa huohuo hupoteza pia shinikizo, na hilo si dogo kwetu: Arusha ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ambapo maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100.

Sensa rahisi ya kujitengenezea ni fimbo nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, iliyopitishwa kwenye kizibo kisichopitisha umeme na kinachohimili joto na shinikizo. Maji ya rejeta hupitisha umeme kidogo. Fimbo ikiwa imelowa, mkondo mdogo hupita majini kwenda kwenye bodi ya gari, transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki inayowasha taa, hubaki imezimwa na taa haiwaki. Fimbo ikikauka, mkondo huo huelekea kwenye transista na taa huwaka. Napendelea mpangilio huu kwa sababu waya wa fimbo ukikatika, taa huwaka pia, hivyo hitilafu haijifichi. Rejeta ikiwa na tanki la plastiki, huhitajika fimbo mbili, ya pili ikiungwa kwenye bodi.

Mkondo wa fimbo lazima uwe mdogo sana, kupitia rizista (kizuizi cha mkondo) ya makumi ya kilo-omu, la sivyo chuma huliwa taratibu ndani ya maji. Kapasita, kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo na kuichelewesha taa, huongezwa ili isiwake kila maji yanapoyumba kwenye kona au matuta. Umeme wa kifaa huchukuliwa baada ya swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi ndogo ya ampea 1.

Kifaa kikishafungwa, hujaribiwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi kamwe. Maji hupunguzwa kidogo kidogo hadi ncha ya fimbo ionekane, ufunguo huwashwa bila kupiga stata, na taa isipowaka, waya unaokwenda kwenye fimbo ndio unaokaguliwa kwanza, kwani huenda umechubuka na kugusa bodi.