Ardhi ya jamii kuwa amana ya kaunti: maana yake hasa

Unasafiri, unamwachia jirani mbuzi wako. Atamlisha, atamnywesha, pengine hata atamkama kama mlivyopatana. Lakini kumuuza hawezi, wala kumchinjia wageni wake, hata wageni hao wawe wakubwa namna gani. Hiyo ndiyo amana, na ndivyo ilivyo ardhi ya jamii isiyosajiliwa nchini Kenya mikononi mwa serikali ya kaunti.

Katiba ya 2010 iliigawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kifungu cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni mali ya jamii yenyewe. Isiyosajiliwa, kaunti inaishika kwa niaba yao. Humo mna malisho, misitu ya jamii, mahali pa matambiko na ardhi ya mababu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikakaza zaidi: kaunti hairuhusiwi kuiuza, kuihamisha wala kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Hata fidia ya ardhi iliyotwaliwa kwa mradi wa serikali, kaunti huiweka kwenye akaunti maalumu yenye riba, na jamii ikishasajiliwa inakabidhiwa pesa hizo pamoja na riba yake.

Masharti haya makali yana sababu. Kabla ya 2010, ardhi za namna hii zilishikwa na mabaraza ya wilaya, na baraza lilikuwa na uwezo wa "kutenga" sehemu kwa matumizi mengine. Likishatenga, haki ya wenyeji katika sehemu hiyo imekwisha. Mfugaji aliyepitisha ng'ombe hapo tangu ujana wake anaamka amekuwa mvamizi.

Siku hizi mvutano mkubwa uko kwenye hifadhi za wanyamapori zinazoanzishwa juu ya ardhi za namna hii. Uhifadhi wenyewe si mgeni kwa wafugaji. Wamaasai huacha olopololi, malisho yaliyotengewa ndama na mifugo dhaifu. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza la wazee linaloamua ni malisho gani yaliwe masika na yapi yaachwe hadi kiangazi. Kwa hiyo anayesema wananchi wanapinga uhifadhi hajawasikiliza. Wanachouliza ni nani aliamua, na siku ya ukame nani atafungua njia ya kwenda kisimani.

Swali hilo lilifika mahakamani. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi wakiwa hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kwangu mimi, uzito wa uamuzi huo uko kwenye neno "kushirikishwa". Kuna mikutano ambapo karatasi ya mahudhurio inazungushwa chini ya mti, watu wanaandika majina na nambari za kitambulisho, na baadaye karatasi hiyo hiyo inatolewa kama ushahidi kwamba walikubali. Kuhudhuria si kukubali. Ukiletewa karatasi, soma kichwa chake kwanza, na kama huoni vizuri mwombe kijana akusomee kwa sauti mbele ya watu.

Amana ya kaunti hukoma jamii inaposajiliwa na kupata hati. Il Ngwesi na Musul, huko Laikipia, ni miongoni mwa jamii zilizotangulia kufika hapo. Kuanzia siku hiyo ardhi inasimamiwa na kamati ya watu 7 hadi 15 waliochaguliwa na mkutano wa jamii. Jamii inaweza kujitengea yenyewe eneo la uhifadhi, na mwekezaji anayetaka mkataba lazima akubaliwe na thuluthi mbili ya wanajamii wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo.

Thuluthi mbili ya akina nani? Ya walio kwenye daftari la wanajamii. Mwanamke aliyeolewa katika jamii ni mwanajamii kisheria, na mumewe akifa anabaki kuwa mwanajamii mpaka aolewe tena. Daftari likifunguliwa, ahakikishe jina lake limo, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho.