Mikawa: bandari inayoishi kwa yadi yake

Nimepanga shehena za magari melini kwa miaka 14, mingi kati ya hiyo hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: magari yetu yanapakiwa bandari gani huko Japani? Wengi hutaja Yokohama, na kwa magari ya mtumba hawakosei. Yokohama na Nagoya nimezisoma kwenye hati za shehena mpaka nimezikariri. Lakini Land Cruiser Prado, gari ambalo kila mtu wa huku analijua kwa sauti tu, kwa miaka mingi limeundwa Tahara, kwenye kiwanda cha Toyota kilichofunguliwa mwaka 1979 juu ya ardhi iliyofukiwa baharini. Tahara ni sehemu ya Bandari ya Mikawa, mkoa wa Aichi. Nimefika huko mara mbili, na tangu hapo nikifikiria kazi yangu naifikiria kupitia bandari ile.

Mikawa si bandari ya kitalii wala haina jina kubwa. Ilizaliwa mwaka 1962 kwa kuunganisha bandari ndogo nne za ghuba moja: Toyohashi, Tahara, Gamagori na Nishiura. Chini ya sheria ya bandari ya Japani ya mwaka 1950, bandari huendeshwa na serikali za mitaa, si na mamlaka moja ya taifa kama tulivyozoea sisi. Juu kabisa kuna bandari 5 za kimkakati, zikiwemo Tokyo, Yokohama na Kobe. Chini yake kuna 18 za kimataifa, kisha 102 zinazoitwa bandari muhimu. Mikawa imo kwenye kundi hilo la tatu, na msimamizi wake ni mkoa wa Aichi.

Mtu akisikia bandari anawaza kreni na makontena. Mikawa makontena yapo, ila sicho kinachoiweka mjini. Inayoiweka mjini ni yadi: ardhi tambarare, pana, iliyo hatua chache kutoka gatini, ambapo maelfu ya magari yanasubiri meli.

Meli ya magari ni ghorofa linaloelea. Ina urefu wa mita 200 hivi, sitaha 12 au zaidi, na nafasi ya magari 6,000 na kitu. Nafasi hiyo mpaka leo tunaihesabu kwa kipimo cha Toyota Corona ya mwaka 1966, hata kama kinachopakiwa ni Prado linalokula nafasi kubwa zaidi. Hakuna kinachonyanyuliwa. Rampu inashushwa na magari yanaingia kwa magurudumu yake.

Siku ya kwanza niliyoruhusiwa kupanda nilisimama pembeni ya sitaha nikaangalia tu. Madereva waliingia kwa msafara, taa zinawaka, mwendo uleule, umbali uleule. Kila gari lilipogeuza kurudi nyuma, mtu mwenye filimbi alisimama nyuma yake: pi, pi, pi, pi, kisha mlio mmoja mrefu, gari likasimama. Nilichuchumaa nikapima kwa kiganja. Ubavu kwa ubavu sentimita 10, bampa kwa bampa 30. Dereva akakunja kioo, akateleza nje kupitia ufa wa mlango kama anayetoka dirishani. Nguo zake hazikuwa na zipu wala kifungo cha chuma upande wa nje, mkononi hakuwa na saa wala pete, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye rangi ni gari jipya lililokoma kuwa jipya. Wafungaji wakapita nyuma na mikanda, gari likafungwa kwenye matundu ya sitaha, na gari dogo la abiria likawarudisha madereva yadini kuchukua mengine.

Nimewahi kupokea meli iliyopakiwa kwa haraka kwenye bandari nyingine, pengo likiwa finyu kiasi kwamba bahari ilipochafuka magari yaligusana. Tulikaa wiki nzima na wakala wa bima tukihesabu michubuko. Ndiyo maana zile sentimita 10 nilizipa heshima.

Sasa tuje kwenye pesa. Tatizo la meli ya magari ni safari ya kurudi: imeshusha Ulaya, itarudi Asia na nini? Mikawa ina jibu ambalo bandari nyingi za magari hazina, kwa kuwa ni lango la kutokea na pia la kuingilia. Tangu miaka ya 1990 imeongoza Japani kwa idadi ya magari yanayoingizwa kutoka nje. Volkswagen iliweka makao yake makuu ya Japani Toyohashi, si Tokyo, na Mercedes-Benz nayo ina kituo cha kukagua magari yake hapo. Japani ilifuta ushuru wa forodha wa magari mwaka 1978, kwa hiyo kinachobaki kuamua ni gharama za ardhi na usafiri. Kwa reli, Toyohashi iko kilomita 294 hivi kutoka Tokyo na 263 hivi kutoka Osaka. Gari likishuka hapo limefika katikati ya soko lote.

Tena haliendi dukani moja kwa moja. Linaoshwa, rangi inakaguliwa chini ya taa kali, na linawekewa vitu ambavyo sheria ya Japani inavidai, mojawapo fimbo nyekundu ya kuwasha moto wa tahadhari ukiharibikiwa barabarani. Kazi hiyo yote ni ajira ya mji, na ndiyo faida ya yadi ambayo takwimu za tani haziioneshi.

Upande wa pili wa kutegemea bidhaa moja ulionekana mwaka 2009. Dunia iliacha kununua magari, viwanda vya Aichi vikapunguza zamu, na walioumia mwanzo ni vibarua wa mikataba. Toyohashi ina Wabrazili wengi wenye asili ya Kijapani walioitwa kufanya kazi viwandani. Mwaka huo serikali iliwapa waliopoteza kazi yeni 300,000 kila mmoja warudi kwao. Bandari isipopakia, hasara haiishii gatini.

Bahari yenyewe ina masharti yake. Ghuba ya Mikawa ina kina cha wastani wa mita 9 tu, na kuingia lazima meli ipite mlango wa bahari wa Irago, wenye mkondo mkali na njia ya upana wa mita 1,200 hivi, kisha mlango wa Nakayama. Walipotaka kuongeza kina Nakayama iliwabidi kwanza waisake sakafu ya bahari kwa vipimo vya sumaku, maana jeshi la zamani lilikuwa na uwanja wa majaribio ya mizinga Irago na makombora yalikuwa yamelala mchangani. Mchanga uliochimbwa haukutupwa. Ulitandazwa kwenye maeneo ya maji mafupi ya ghuba, hekta 600 hivi, kurudisha makazi ya viumbe yaliyopotea.

Hapo ndipo moyo wangu unapobaki. Yadi ya Mikawa ilitokana na kufukia bahari, na kilichofukiwa ni mchanga wa kupwa na kujaa ambao husafisha maji. Wakati wa joto maji ya chini huishiwa oksijeni, na upepo ukiyapandisha juu wenyeji huyaita nigashio, maji machungu. Kombe, wale viumbe wa mchangani wenye magamba mawili, hufa kwa wingi. Mdomoni mwa mto Toyogawa limebaki fungu la mchanga liitwalo Rokujo-gata, kitalu cha kombe wadogo waitwao asari. Makinda yao huchotwa kwa kibali maalumu na kupandwa sehemu nyingine za ghuba, na Aichi hutegemea kitalu hicho kwa uvunaji wake mkubwa wa asari. Limewahi kuwemo kwenye mipango ya kufukiwa ili bandari ipanuke. Wavuvi na wanasayansi wakalipigania.

Nilifika ukingoni maji yakiwa yamepwa. Mbele yangu mchanga uling'aa, una vitundu vidogo vidogo kila mahali, na kila kitundu kina kombe chini yake. Nyuma yangu, ng'ambo ya ukuta, magari meupe yalikuwa yamepangwa kwa safu yakingoja meli ya jioni.