Kuvua kando ya gati la mawe: wanayoyaamini wenye boti mpya, na bahari ilivyo

Mwenye boti mpya huogopa bahari kuu. Nchi kavu ikianza kufifia machoni, moyo humwenda mbio. Akirudi kando ya gati, akawaona watu wakitembea juu ya mawe, anashusha pumzi na kuvua jaketi okozi. Amekosea mahali pa kuogopa. Huko nje mashine ikizima, mara nyingi una muda wa kuifungua, kuikagua na hata kuilaani. Kando ya gati una dakika chache tu kabla ya kugonga mawe.

Magati ninayoyasema ni zile kuta za mawe makubwa zinazojengwa, aghalabu mbili mbili, pande za mlango wa mto au wa hori (ghuba ndogo), zikaingia baharini ili njia ya vyombo isijae mchanga. Chaza na kaa hujishikiza humo, samaki wadogo hujificha, wakubwa huwafuata, nasi tunawafuata wakubwa.

"Gati linakinga mawimbi, kwa hiyo ndani ni shwari"

Hii ndiyo dhana inayozamisha boti, basi tukae nayo kidogo. Kuta mbili za mlangoni hubana maji ili yapite kwa kasi na kusomba mchanga. Mchanga huo haupotei. Mkondo ukitoka kwenye ule mbano hulegea, na mchanga hutua nje ya mlango ukafanya fungu. Sasa maji yanapokupwa, mkondo unatoka kwa nguvu huku mawimbi ya bahari yakiingia. Vikikutana, mawimbi husongamana, nafasi kati ya moja na jingine hupungua na kimo kinapanda. Ongeza upepo unaovuma kutoka baharini na kina kifupi cha lile fungu, utapata mawimbi yanayovunjika katikati ya njia. Kwa kawaida wimbi huvunjika likifika penye kina cha takriban mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1.5 litapasuka penye maji ya mita 2 hivi.

Kwa sababu hiyo mlango ulioupita alfajiri maji yakijaa, laini kama kioo, unaweza kukukatalia mchana maji yakipwa, hata kama upepo haujabadilika. Na kuna hila nyingine: ukiwa nje unarudi, unayatazama mawimbi kwa mgongoni. Mgongo wa wimbi ni mviringo na mpole. Uso wake unaopasuka huuoni. Simama nje kwanza, utazame mawimbi kadhaa yapite, kwa maana huja kwa mafungu, makubwa machache kisha utulivu. Ukiingia, panda mgongo wa wimbi moja ukae hapo hapo. Usiupite ukingo wake, la sivyo omo, yaani mbele ya boti, itazama upande wa pili. Usiache la nyuma likufikie, litaigeuza boti ubavu. Ukiona hapafai, subiri nje hadi maji yageuke. Kusubiri si aibu, ingawa waliomo botini watanung'unika.

Kwa asiyezoea, saa ya mwisho ya maji kujaa ndiyo rafiki: mkondo umepungua, na unaelekea upande uleule wa mawimbi.

"Nikijua saa ya maji kujaa, nimejua mkondo"

Usawa wa maji na mwendo wa maji ni mambo mawili. Mahali pengi penye kujaa na kupwa mara mbili kwa siku, maji hubadilika kwa karibu saa 6 na dakika 12, lakini si kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huleta takriban sehemu 1 kati ya 12 za badiliko lote, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, kisha 2, kisha 1. Nusu nzima hupita katika saa mbili za katikati. Zaidi ya hapo, mlango mwembamba unaolisha hori kubwa huchelewa: nje maji yameshafika kileleni, ndani hayajajaa, basi mkondo unaendelea kuingia. Jedwali litakuambia maji yamejaa huku chini ya boti yako yangali yakikimbia. Ya kuaminiwa ni macho: tazama povu, takataka zinazoelea, maji yanavyojikunja kwenye boya la njia. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, zidisha tahadhari.

"Nanga ni nanga, funga popote, kamba fupi inatosha"

Kabla ya kutia nanga jiulize jambo moja: nikiachiliwa sasa hivi, maji na upepo vitanipeleka wapi? Jibu likiwa "kwenye mawe", hapo si mahali pako, hata samaki wakiruka wenyewe botini. Tafuta upande ambao nanga ikiteleza au mashine ikifa, utasukumwa mbali na gati.

Kamba fupi huvuta nanga kwenda juu, nayo hung'oka. Hesabu kina, ongeza kimo cha omo kutoka majini, ongeza maji yatakayopanda, kisha zidisha mara 5 hadi 7. Kina cha mita 4, omo mita 1, maji yatapanda mita 1: hizo ni 6, na kamba ni mita 30 hadi 42. Kamba ndefu hivyo inataka nafasi ya kuzunguka maji yakigeuka, na wengi hukosea hapo: hupima nafasi kwa mkondo wa sasa, si kwa ule wa saa mbili zijazo.

Nanga hufungwa omo. Haifungwi tezi, yaani nyuma, hata kwa dakika tano za kutupa mshipi. Tezi ni pana, iko chini, na imebeba uzito wa mashine. Mkondo ukiivuta dhidi ya kamba, maji huingia kwa nyuma na boti ndogo hujaa upesi kuliko unavyoweza kuyakumba. Vivyo hivyo nanga iliyonasa kwenye mawe: wengine huifunga tezi na kuivuta kwa mashine, wakapinduka. Dawa yake hutayarishwa nchi kavu. Funga mnyororo chini ya nanga, kwenye kitako chake, halafu uurudishe juu na kuushikiza kwenye pete kwa uzi dhaifu. Ikinasa, ukivuta wima uzi hukatika na nanga hutoka kinyumenyume. Isipotoka, kata kamba. Weka kisu karibu na omo. Nanga hununuliwa nyingine.

"Mawe ninayaona, nitayakwepa"

Unayaona ya juu. Ukuta hutanuka kadiri unavyoshuka, na mawe ya nchani huporomoshwa na dhoruba yakalala mbali na ncha inayoonekana. Baadhi ya magati yana kipande kilichojengwa kwa kimo kifupi makusudi, na maji yakijaa hufunikwa kabisa. Kipima kina hakikuokoi, kwa kuwa husoma palipo chini yako, na ulipopatambua umeshafika. Ramani ya simu nayo hukuonyesha gati lilivyokuwa siku lilipopimwa.

"Samaki wako palepale ncha ya gati"

Wapo, kwa sababu mkondo huchimba shimo hapo. Lakini ndipo mawimbi yanapogongana, na ndipo kila mtu anapokwenda. Mgeni angepata zaidi kwa kutazama kuta zenyewe: mahali jiwe limezama na kuacha pengo maji yapite, mahali ukuta unapokata kona, ukingo kati ya maji yanayokimbia na yanayozunguka polepole. Samaki husimama kwenye maji ya polepole, uso ukielekea mkondo, akingoja kuletewa. Basi mletee: tupa juu ya mkondo, chambo kishuke chenyewe kama kilichopotea. Chubwi nzito, ile risasi ya kuzamishia mshipi, itanasa. Tumia nyepesi inayotosha kugusa chini, na uifunge kwa uzi dhaifu kuliko mshipi, ili ikinasa upoteze risasi tu, si ndoana na samaki. Maji yakisimama kabisa, kula chakula chako. Hata samaki mara nyingi hupumzika.

"Ninavua, kwa hiyo wengine wanipishe"

Hapana. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinaposema chombo kinachovua zinamaanisha chenye nyavu au zana zinazokizuia kugeuka. Mishipi ya kukokota haihesabiki. Kanuni ya 9 inakwenda mbele zaidi: chombo cha chini ya mita 20 kisizuie chombo kinachoweza kupita salama ndani ya njia nyembamba tu, na kila chombo kiepuke kutia nanga humo kama hali inaruhusu. Meli iliyoingia kati ya kuta mbili haina pa kukukwepea. Ikishapita, mawimbi yake hugonga ukuta na kurudi, yakakujia kutoka pande mbili. Elekeza omo kwao, watu wakae chini.

"Jaketi okozi lipo chini ya kiti"

Ukitupwa majini kando ya mawe yenye chaza, hutapata nafasi ya kulivaa. Livae kabla ya kufungua kamba. Kile kikamba cha kuzimia mashine nacho kifunge mwilini mwako. Kikining'inizwa kwenye usukani hakizimi chochote ukianguka, na boti yenye rafadha inayozunguka huweza kukurudia.

"Walio juu ya mawe hawanihusu"

Wanatupa mbali kuliko unavyodhani, na chubwi ya gramu 100 inayoruka hewani si mchezo. Kaa nje ya mtupo wao. Kama huwezi kuvua bila kuwa ndani yake, nenda upande mwingine wa gati, ukipita nje ya ncha kwa nafasi kubwa, si kwa kukata karibu nayo.