Data zilizokosekana kwenye majaribio ya dawa: maana yake, na kwa nini hazijazwi kienyeji

Chukua mama mmoja yuko kwenye jaribio la dawa ya maumivu ya magoti, jaribio la wiki 12. Siku ya kwanza anaulizwa maumivu yako ni ngapi kwenye kumi anasema 8, wiki ya pili 6, wiki ya nne 4, halafu harudi tena kliniki. Kwenye jedwali wiki ya nane na ya 12 pako wazi. Hayo mapengo ndo data zilizokosekana, yaani kipimo kilichopangwa kichukuliwe, jibu la mwisho linakihitaji, na hakipo. Sasa huyu mama wiki ya 12 tumwandikie ngapi?

Wengi watasema mwandikie 4 maana ndo ya mwisho tuliyoiona. Njia hii ya kuburuta namba ya mwisho mpaka mwisho wa jaribio ilitumika miaka mingi sana, tena watu waliamini ni njia ya tahadhari. Lakini tuseme mama aliacha kwa sababu dawa ilikuwa inamtapisha, akaacha kumeza na magoti yakarudi palepale kwenye 8, sisi huku tumemwandikia 4, yaani dawa inasifiwa kwa mtu ambaye ilimshinda. Na kwenye ugonjwa unaozidi kila mwezi, mfano ule wa kusahau uzeeni, anayeondoka mapema anabaki na namba yake nzuri ya mwanzo, kwa hiyo kundi lililokimbiwa na watu wengi ndo linaonekana lina nafuu zaidi.

Wengine wanasema basi watoe, hesabu waliomaliza tu. Hapo kuna mfano ambao kila anayesoma utafiti wa dawa angeujua. Marekani kulikuwa na jaribio kubwa la dawa za moyo, Coronary Drug Project, kwa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo, na ripoti moja ya mwaka 1980 iliangalia clofibrate, moja ya dawa hizo. Waliomeza angalau 80% ya dozi zao walikufa 15.0% ndani ya miaka mitano, waliomeza pungufu 24.6%. Ukiishia hapo utasema dawa inaokoa. Ila kwenye kundi la plasebo, kidonge kisicho na dawa kabisa, waliomeza vizuri walikufa 15.1% na wasiomeza vizuri 28% hivi! Kumbe anayefuata masharti na asiyefuata ni watu wawili tofauti tangu mwanzo. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu ili makundi yafanane, ukishaanza kuchagua waliokaa vizuri ule mfanano umeuvunja mwenyewe.

Kwa hiyo cha kwanza kuuliza sio zimekosekana ngapi, ni zimekosekana kwa nini. Mtakwimu Donald Rubin aliliweka hili sawa mwaka 1976, na mpaka leo tunagawa sababu mafungu matatu. Kuna pengo la bahati mbaya tupu, mfano chupa ya damu imedondoka maabara ikapasuka, hilo linakupunguzia idadi lakini halikudanganyi. Kuna linaloelezeka na data ulizonazo, mfano wazee wanakosa kliniki kuliko vijana lakini umri wa kila mtu unao, basi wazee waliobaki wanaweza kuwasemea wazee wenzao. Na la tatu ndo baya, mtu kakosa kuja kwa sababu ya hali ileile uliyotaka kuipima. Mbarara, Uganda, watafiti waliwahi kumtuma mtu vijijini kutafuta baadhi ya wagonjwa wa ARV waliopotea kliniki, ikaonekana zaidi ya robo ya waliopatikana habari zao walishafariki, na hesabu ya vifo vya mwaka wa kwanza ikapanda mara kadhaa kuliko ilivyosomeka kwenye mafaili. Haikuwa jaribio la dawa lakini pengo ni lilelile. Na jedwali lenyewe haliwezi kukuambia uko fungu la pili au la tatu, kwa sababu ushahidi wa kutofautisha ndo huohuo uliokosekana.

Njia inayotumika sana sasa ni kujaza mara nyingi, nayo ni ya Rubin. Badala ya kumwandikia mama namba moja kama vile tuna uhakika, kompyuta inaangalia watu wanaofanana naye na kutengeneza mfano majedwali 20, hapa kapewa 5, kule 7, kule 4, kila jedwali linachambuliwa kivyake halafu majibu yanaunganishwa, na kule kutofautiana kwao kunaingizwa kwenye hesabu ya mashaka. Njia hii inasimama juu ya fungu la pili. Ndo maana lazima baadaye uibane, unawapa waliopotea kwenye kundi la dawa matokeo mabaya zaidi na zaidi mpaka uone ushindi unayeyuka wapi, kama unayeyuka kwa kusukuma kidogo tu basi ule ushindi ulikuwa mwembamba.

Hesabu ina mwisho wake pia. Mwaka 2012 washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walipiga kura kukataa matumizi mapya ya rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa wagonjwa wa moyo, jaribio lilikuwa na watu zaidi ya 15,000, na hoja moja kubwa ilikuwa kwamba wengi mno walitoka kabla ya mwisho na haikujulikana yaliyowapata.

Kitu kinachoniuma ni kwamba mapengo mengi yanatengenezwa na sisi wenyewe, mtu akiacha dawa tunamfuta na kwenye utafiti, wakati kuacha dawa ni jambo moja na kujitoa kwenye utafiti ni jambo lingine kabisa. Aliyeacha vidonge bado ana magoti, bado ana simu, wiki ya 12 unampigia unamuuliza leo maumivu ni ngapi. Na kwenye fomu usiandike "ameacha" ukaishia hapo, andika "ametapika siku tatu, ameacha vidonge, amekubali kupigiwa".