Je, wajua kwa nini polisi waligeuza nyuso mbele ya akina mama wa Uhuru Park?

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, nilimshuhudia kijana mmoja wa kubeba mizigo akimng'ang'ania mama gunia la dagaa, akidai ujira wake wa juzi. Mama hakupaza sauti. Alishika pindo la khanga aliyojifunga akasema, "Mwanangu, usinifikishe huko." Kijana alitua gunia palepale, akainama, akaomba radhi. Rafiki yangu aliyekuwa mgeni mjini akaninong'oneza: kwani ametishiwa nini?

Nilimjibu kwa kisa cha Nairobi.

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1992, akina mama, wengi wao watu wazima kutoka vijijini, walikwenda ofisini kwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Amos Wako, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai. Walidai watu 52 waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiwe. Miongoni mwa akina mama hao alikuwa Monica Wangũ, ambaye mwanawe, Koigi wa Wamwere, alikuwa mmoja wa wafungwa hao. Hoja yao ilikuwa nyepesi na haina jibu: vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa Desemba 1991, sasa waliofungwa kwa kuitaka siasa huru wanabaki ndani kwa kosa gani? Wako aliahidi kulitazama jambo hilo. Akina mama wakasema basi watawangojea wana wao hapo hapo mjini. Wakaenda kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park, wakatandika, wakaacha kula.

Siku zile watu walianza kuwafuata. Waliowahi kuteswa mikononi mwa polisi walisimama mbele ya umati na kusimulia, wengine kwa mara ya kwanza, yaliyowapata. Kona ikapata jina, Freedom Corner. Nadhani hapo ndipo serikali ilipoogopa, kwa sababu mama anayelia peke yake huonewa huruma tu, lakini umati uliokwisha kusikia hauwezi tena kusema haukujua.

Jumanne ya tarehe 3 Machi polisi walikuja na mabomu ya machozi na virungu. Wangari alipigwa hadi akazimia, akalazwa hospitalini. Ndipo baadhi ya wale akina mama wazee wakavua nguo zao, wakawaelekea askari, wakawaonyesha maziwa yao. Askari waligeuza nyuso.

Kwa nini? Wazee walionilea huku Kanda ya Ziwa wangelieleza hivi: mwili wa mama ndio mlango ulioingilia duniani, na ziwa lake ndilo lililokuweka hai. Mama mzima akikuonyesha kwa makusudi, ni kama anakurudisha mlangoni na kukufungia nje. Hapo radhi imeondoka, na mtu asiye na radhi ya mama hana pa kuegemea. Si lazima awe mama aliyekuzaa. Mwanamke wa umri wa mama yako ni mama yako, na ndivyo wale wazee walivyowachukulia askari: kama wana wao. Walikuwa wakiwalaani watoto wao wenyewe, na mtoto hufahamu lugha hiyo hata akiwa amevaa sare.

Ishara hiyo ilikuwa imewahi kuonekana Nairobi miaka 70 kabla. Tarehe 14 Machi 1922 Waingereza walimkamata Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, yaani kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, kodi, na wanawake na wasichana kusombwa kufanyishwa kazi kwa nguvu. Siku mbili baadaye maelfu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi wakidai aachiwe. Wajumbe wanaume walipotoka kuonana na wakubwa na kuwasihi watu watawanyike, mwanamke mmoja katika umati, Mary Muthoni Nyanjirũ, alipandisha gauni lake hadi mabegani, akawaambia wanaume wampe suruali zao wachukue gauni. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk nao wakapiga. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Wenyeji walihesabu zaidi. Nyanjirũ alikuwa mmoja wa waliokufa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, akarudi mwishoni mwa 1930.

Ukiyaweka matukio haya mawili pamoja utaona tofauti inayoniumiza. Nyanjirũ alisema na wanaume wa upande wake, nao wakamwelewa. Aliyekuwa barazani na bunduki hakumwona kuwa mama yake, kwa hiyo hakuwa na radhi ya kupoteza.

Wale wa 1992 nao hawakushinda siku ile. Walitimuliwa bustanini, wakakimbilia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, na mkuu wa kanisa hilo, Provosti Peter Njenga, akawapokea. Walikaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima, polisi wakilizingira kila walipotaka. Watu hawalisimulii sana hili, maana kungoja hakuna picha ya kutisha, nami naona ndiko kulikokuwa kugumu zaidi: mama wa kijijini, shamba limebaki na majani, analala kwenye sakafu ya mji asioujua.

Wafungwa waliachiwa kidogo kidogo, na mwanzoni mwa 1993 karibu wote walikuwa wametoka, Koigi akiwemo. Mama yake alikuwa bado hajarudi nyumbani.