"Nyangumi Ataisikia Meli, Ataipisha"

Sentensi hiyo naisikia kila ninapofundisha mabaharia, na imenichosha, maana ndiyo inayotumika kutetea mwendo kasi. Basi tumtazame nyangumi raiti wa Atlantiki ya Kaskazini, ambao wamebaki chini ya 400 tu katika mwambao wa Marekani na Kanada.

Kusikia anasikia. Lakini hana sonari (uwezo wa kutambua vitu kwa mwangwi) kama ya pomboo, na mara nyingi anapokula huogelea taratibu karibu na uso wa maji, kinywa wazi. Kelele nyingi za meli zinatoka kwenye propela, kule tezini (nyuma ya meli), na kiwiliwili cha meli huzikinga zisifike mbele. Kwa hiyo mbele ya omo (ncha ya mbele ya meli), pale penye hatari, ndipo palipo kimya zaidi. Watafiti waliwahi kuwapigia nyangumi hawa mlio wa meli, hawakushtuka. Walipowapigia king'ora cha tahadhari, watano kati ya sita waliacha kula wakapanda juu, wakabaki mita chache chini ya uso wa maji. Yaani walijiweka palepale meli inapopita!

Kinachofanya kazi ni kupunguza mwendo. Hesabu iliyochapishwa 2007 ilionyesha kuwa kwa noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa), migongano kama minane kati ya kumi inaua. Chini ya noti 9, ni kama miwili. Ndiyo maana tangu 2008 Marekani inazitaka meli za kuanzia futi 65 zisizidi noti 10 katika maeneo na misimu maalumu.

"Tukimgonga tutahisi." Hapana. Meli kubwa haitikisiki. Kuna wafanyakazi wa meli walioukuta mzoga umenasa omoni walipofika bandarini.

"Aliye zamu atamwona." Usiku? Kwenye ukungu? Raiti ni mweusi na hana pezi mgongoni.

"Boti ndogo hazina neno." Februari 2021, karibu na St. Augustine, Florida, boti ya uvuvi ya futi 54 ilimgonga ndama wa raiti akafa, nayo ikaanza kuingiza maji. Manahodha wa Watamu na Kizimkazi, nanyi sikieni: nyangumi wa aina nyingine wanaokuja kwetu kuanzia Julai mara nyingi huwa na ndama. Mkiona mmoja akipumua, punguzeni mwendo mara moja, maana ndama huenda yuko karibu na hamjamwona.