Je, wajua? Kwa nini trekta la Coventry bado linalima Kongwa, mahali vifaru vilipochemsha

Mvua za kwanza zikishadondoka, barabara za vumbi zinazotoka Kibaigwa kwenda vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, hujaa matrekta. Mengine ni mapya, yanang'aa. Katikati yao utaona moja jekundu lililofubaa hadi kufanana na tofali, matgadi moja haipo, kiti kimefungiwa gunia, na nyuma limebeba plau ya diski tatu. Watu wamepanga foleni wakisubiri kulimiwa nalo. Mara nyingi ni Massey Ferguson 135, aina iliyoingia sokoni mwaka 1964. Dereva wake huenda hakuwa amezaliwa lilipotoka kiwandani.

Linawezaje? Na kwa nini hapa, mahali palipowahi kuwashinda watu wenye fedha na mitambo ya kila namna?

Tuanze na hao walioshindwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, na Kongwa ndiyo iliyoanza. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshaoza kwa kutu. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikapewa vifaru vya Sherman kivigeuze kuwa mashine za kung'oa vichaka, vikaitwa Shervick. Minyororo mizito ilifungwa kati ya mabuldoza mawili ili iburute miti. Karanga zilizopandwa mwaka huo hazikufika hata ekari 10,000.

Udongo wa Kongwa ulihusika sana. Wakati wa kiangazi ule mfinyanzi hukauka ukawa mgumu kama zege, na mchanga ulio ndani yake unasaga chuma cha jembe. Mvua nayo ikagoma. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikahesabiwa hasara. Sehemu ya ardhi ile leo ni Ranchi ya Kongwa, na ng'ombe wanaonekana kuielewa kuliko wataalamu wa karanga. Tuwe wa haki kidogo: Shervick ilitengenezwa kung'oa vichaka, kazi tofauti na kulima. Lakini mawazo ya mradi mzima yalikuwa kwamba ardhi ngumu hutaka mashine nzito zaidi, na hapo ndipo mtu mmoja kutoka Ireland alipokuwa ameshakataa zamani.

Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1884, alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1909 aliunda ndege yake mwenyewe akairusha, basi mjue alikuwa mtu wa namna gani. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alitumwa kukagua matrekta ya wakulima wa Ireland, akaona kasoro iliyokuwa ikiua watu. Jembe lilifungwa nyuma likaburutwa tu. Likinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma, pua ya trekta inanyanyuka na dereva anapinduliwa. Ili kuzuia hilo na kupata mshiko, viwanda viliongeza uzito, na trekta zito likaishia kukandamiza shamba lile lile linalotaka kulainishwa.

Jibu lake, alilolisajili kwa hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1926, ni mikono mitatu ya kushikia jembe nyuma ya trekta: miwili chini, mmoja juu, pamoja na haidroliki, yaani mafuta yanayosukumwa na pampu kuinua na kushusha jembe. Udongo unapolipinga jembe, upinzani huo hupita kwenye mkono wa juu na kulisukuma trekta mbele na chini, pua ikatulia. Wakati huohuo uzito wa jembe na nguvu ya udongo hushuka kwenye magurudumu ya nyuma, yakashika. Kwa maneno mengine, kadiri shamba linavyokaza, ndivyo trekta linavyopata uzito bila kuubeba siku nzima. Mkazo ukizidi, springi iliyo kwenye mkono wa juu inabonyea, haidroliki inainua jembe kidogo, kisha inalirudisha. Na likinasa kabisa, magurudumu huteleza badala ya kupindua.

Trekta lake la kijivu, TE20, lilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja. Kati ya mwaka 1946 na 1956 yalitoka zaidi ya 500,000 pale kiwanda cha Banner Lane, Coventry, Uingereza. Edmund Hillary, mpanda milima wa New Zealand, alifika nayo Ncha ya Kusini ya dunia Januari 1958. Kampuni ya Ford, iliyowahi kushirikiana naye, ilipoendelea kutumia mfumo wa mikono mitatu bila yeye, Ferguson alishtaki na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25. Mwaka uliofuata biashara yake iliungana na Massey-Harris, na jina la Massey Ferguson likaja baadaye. Hataza zilipoisha karibu kila kiwanda kiliiga, ndiyo maana plau uliyoikuta mnadani inaingia kwenye trekta la kampuni nyingine bila ugomvi.

Hiyo inaeleza kulima. Uhai mrefu una sababu nyingine, na kwangu hii ndiyo tamu zaidi. 135 nyingi zilifungwa injini ya Perkins ya silinda tatu, ya dizeli, yenye ujazo wa lita 2.5 hivi. Pampu yake ni ya mitambo mitupu: ikishawaka, hata betri ikifa inaendelea kulima, na asubuhi betri ikikataa unalishusha mteremkoni. Sliva, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zikiisha zinatolewa na kuwekwa nyingine, bloku inabaki. Tena halina chesisi. Injini, gia boksi na difu zimefungwa bolti moja nyuma ya nyingine, zikawa ndizo uti wa mgongo. Fundi akitaka klachi anaweka magogo na jeki, analipasua katikati chini ya mwembe, na kesho liko shambani. Hakuna kompyuta ya kuuliza ruhusa.

Banner Lane ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kutoa matrekta zaidi ya milioni tatu. Spea hazikukatika, kwa sababu kampuni za TAFE ya India na Millat ya Pakistan ziliendelea kuunda ndugu zake wa karibu.

Lawama ipo. Plau ya diski inapendwa kwa sababu inaviringika juu ya visiki, lakini ukilima kina kilekile kila msimu, chini yake linajengeka tabaka gumu ambalo maji na mizizi havipenyi. Katika mkoa wenye mvua za kuhesabu, hilo ni kosa la gharama. Trekta lilelile dogo linaweza kuvuta ripa ya kuchana mstari badala ya kugeuza shamba zima, na kwa hapa Dodoma ningelipendelea hivyo. Tatizo ni kwamba wateja hupenda kuona udongo umegeuzwa, na mwenye trekta hulipwa kwa ekari iliyogeuzwa.

Ukitaka kununua, usidanganywe na rangi mpya. Inua plau, zima injini, subiri: ikishuka upesi, haidroliki inavuja, na hiyo ndiyo uliyotaka kuilipia.